Wino Tumboni

Nimefungua matumbo mengi katika maisha yangu, ila yote yalikuwa ya mbuzi na ng'ombe. Mimi ni mchinjaji. Hapa Kisangani sisi watoto wa Waislamu wa zamani, wale ambao mababu zao walifika na biashara, wakaoa hapa, wakasahau kurudi walikotoka, tuna kazi zetu zinazojulikana. Kuna washonaji, kuna wauza vitambaa, na kuna sisi watu wa kisu. Kukiwa na harusi ninaitwa. Kukiwa na matanga ninaitwa. Hata Wakristo wa mtoni wakifanya sherehe na wanataka jirani zao Waislamu wale bila wasiwasi, wananiita pia. Ninakuja na kisu kimefungwa ndani ya kitambaa, ninamlaza mnyama kuelekea kibla, ninataja jina la Mungu, basi. Kiisha ninachuna, ninapasua, na hapo watu wote wa lupango, yaani ua mzima, wanasogea kuangalia, kwa sababu tumbo la mbuzi ni kitu cha ajabu. Lina vyumba. Chumba kimoja kina nywele nywele kama taulo, kingine kina vishimo kama sega la nyuki, kingine kina kurasa kama kitabu. Shule nilisoma kidogo sana. Baba aliponitoa aliniambia kitabu changu ni hiki hapa, akanionyesha kile chumba cha kurasa, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninaipenda shule.

Lakini sikukaa hapa kuandika habari za mbuzi. Ninataka kusimulia tumbo langu mimi.

Lilianza kunichoma baada ya kula. Mwanzoni nilifikiri ni pilipili, nikaacha pilipili. Nikafikiri ni samaki wa moshi, nikaacha samaki wa moshi, na mtu wa Kisangani akiacha samaki wa moshi, ujue ameogopa. Maumivu yakabaki. Suruali zikaanza kunipwaya. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ambaye tunakaa naye nyumba moja tangu mume wake na mke wangu walipotangulia, alikuwa ananiangalia nikila bila kusema kitu, na yeye si mtu wa kunyamaza. Siku moja akaniita leki, mdogo wake, akasema:

"Leki, unasukuma sahani sawa vile baba alikuwa anasukuma."

Baba yetu alikufa kwa tumbo. Ndivyo tunavyosema mpaka leo: alikufa kwa tumbo. Tumbo gani, ndani kulikuwa na nini, hakuna aliyejua. Wengine walisema sumu. Wengine walisema ni jicho la ndugu mmoja wa ng'ambo ya mto, wa Lubunga, na ndugu huyo mpaka anakufa hatukula tena kwake, na labda hakufanya kitu. Mimi ndiye niliyemuosha baba. Tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo. Nilipokuwa ninamwagia maji, wazo moja lilinijia, nililifukuza likarudi: kila juma ninafungua wanyama ninaona kilichomo, na huyu aliyenizaa tutamzika amefungwa. Haya si mawazo ya kusema matangani. Sikuyasema. Ila maumivu yaliponikuta na mimi, mahali pale pale, chini ya mbavu, kufa hakukuniogopesha sana, umri ninao. Kilichoniogopesha ni kufa kama baba, watu wakibaki kulaumiana, wakati kitu kimekaa ndani kimetulia na hakuna aliyekiona.

Basi nilienda kwa dokta. Alinibonyeza, akaniuliza, akaangalia macho yangu kwa chini, akasema inatakiwa fibroscopie. Ni mrija mweusi, mnene kama kidole, wenye taa na kamera kwenye ncha. Unaumeza, na dokta anaona tumbo lako kwenye televizheni. Kusikia hivyo tu, nilipona kidogo. Ningeweza kuona! Watu wengine wanakimbia ile mashini. Mimi niliuliza kama siku ya karibu ipo.

Wakaniambia: toka jioni usile kitu, na asubuhi usinywe kitu. Nikasema ndiyo. Na niliposema ndiyo nilikuwa ninasema kweli.

Sasa, yaya naye alikuwa amejipanga kivyake. Alikwenda kwa mwalimu wetu wa Korani akamwomba kombe. Kwa asiyejua: mwalimu anachukua sahani nyeupe, anaandika aya juu yake kwa wino, kiisha sahani inaoshwa kwa maji kidogo, na maji yale yenye maneno mgonjwa anakunywa. Kuna mahali wanaandika kwa zafarani, inakuwa njano nzuri. Huku kwetu zafarani ni ya kubahatisha, basi mwalimu anajitengenezea wino kwa mchele aliouunguza mpaka ukawa mkaa, anausaga na kuuchanganya na utomvu. Wino mweusi, mzito. Na mwalimu huyu ananipenda, tumefanya kazi pamoja harusi nyingi, hakuandika mstari mmoja wa kunipunja. Aliandika sahani nzima, mpaka sehemu nyeupe ilikuwa ya kutafuta.

Alfajiri yaya akaniletea. Nikanywa mpaka mwisho, nikalamba na mdomo.

Utasema, mzee huyu ni mjinga, aliambiwa asinywe. Ninakuambia ukweli: haikuniingia kichwani hata kidogo kwamba nimekunywa. Kwetu chai ni kinywaji, maji ni kinywaji, kombe ni kombe. Ni sawa na kusoma dua. Mwalimu mwenyewe alinikumbusha baadaye kwamba mchana wa Ramadhani kombe inavunja funga kama maji mengine, basi ningepaswa kujua. Ningepaswa. Lakini ile asubuhi nilitoka nyumbani nimekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, nikiwa na njaa na moyo safi kabisa.

Kwenye chumba cha mashini alikuwepo infirmière mmoja, muuguzi, mama wa Isangi, mtoto wa wavuvi, sauti yake kama ya mtu anayeita pirogue, mtumbwi, kutoka ukingo wa pili.

"Papa, umekula?"

"Apana."

"Umekunywa?"

"Apana."

"Hata mayi?"

"Mama, mi nimesema apana. Unataka niape?"

"Usiape, papa. Watu wanaapaka hapa, kiisha tunaona pondu kwa televizheni."

Nikacheka kuwaza kisamvu cha watu kwenye kioo. Akanipulizia dawa ya uchungu kooni, ulimi ukafa, mate yakawa mazito. Akaniwekea duara la plastiki kati ya meno nisije nikauma mrija, akanilaza ubavu wa kushoto. Dokta akaingia, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kabla duara halijakaa vizuri nilimwomba ageuze televizheni niione.

"Papa, watu wengi wanafunga macho."

"Mi nataka kuona. Nimezoea ya mbuzi."

"Ya mbuzi?"

"Ni muchinjaji, docteur," infirmière alisema. "Alichinja kwa harusi ya muleki wangu. Anakataka vizuri."

Dokta akageuza televizheni.

Kuumeza ule mrija sitakudanganya, ni vita. Machozi yanatoka, tumbo linataka kuruka. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Kwanza njia ndefu, ya rangi ya waridi, inateleza, kama barabara ya Bengamisa wakati wa mvua ingekuwa na rangi ile. Kiisha mlango ukafunguka tukaingia. Na hapo, ninakiri, nilihuzunika. Chumba kimoja tu! Hakuna taulo, hakuna sega, hakuna kurasa. Chumba kimoja chenye mikunjo mikunjo, kama pazia lililokusanywa. Mbuzi ana vyumba, na mimi mwanadamu, kiumbe cha heshima, nimepewa kimoja.

Nilikuwa bado ninawaza hayo nilipoona chini ya kile chumba dimbwi jeusi. Na weusi umetapakaa kwenye kuta, vipande vipande.

Dokta aliacha kusukuma mrija.

"Damu," alisema, polepole. "Damu ya zamani. Inaonekana imetoka mingi." Akamgeukia infirmière. "Papa alitapika nyeusi? Choo yake iko nyeusi? Uliza famille. Na wambie wa maabara waangalie kikundi ya damu yake."

Mimi nilikuwa ninajua ni nini ile. Niliijua mara moja. Lakini mtu mwenye mrija kooni na plastiki kati ya meno atasema nini? Nilitoa sauti kama ya kondoo. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikaanza kuandika hewani, toka kulia kwenda kushoto, kama mwalimu.

Infirmière akashika kifua. "Docteur! Papa anataka kuandika. Anataka kuacha maneno kwa watoto."

Nikatikisa mkono: apana, apana. Nikachora duara hewani, sahani. Kiisha nikafanya kama ninakunywa.

"Sasa anaomba sahani," alisema. "Masikini. Iko na njaa."

"Enda uulize famille!" dokta alisema.

Akafungua mlango. Yaya alikuwa amekaa pale nje, na yeye hana sauti ya chini, nilisikia yote.

"Mama, papa alitapika damu?"

"Damu? Damu ya nini? Leki wangu hajatapika."

"Ndani yake kunaonekana nyeusi mingi."

"Nyeusi? Ah, ile! Ile ni kombe, mwanangu. Alikunywa hii asubuhi."

"Kombe ni nini?"

Yaya akamweleza. Infirmière akarudi, akasimama karibu na dokta, akashusha sauti, kwake ilikuwa mara ya kwanza.

"Docteur, mama anasema papa amekunywa Korani."

"Amekunywa nini?"

"Korani. Waliiandika kwa sahani."

Dokta hakucheka. Alifunga macho kidogo. "Wino ya nini? Rudi umuulize wino ilitengenezwa na nini."

Akaenda, akarudi. "Muchele."

"Muchele?"

"Muchele yenye kuungua, docteur."

"Bon," alisema dokta. "Donc ni muchele." Na hapo sasa alicheka, na mrija ukacheka pamoja naye ndani yangu, na ninakuambia si jambo la kupendeza.

Wakaanza kuniosha. Maji yanapita ndani ya mrija, yanapiga ukuta, weusi unateremka, yananyonywa. Ukuta wa waridi ukarudi. Na katika kuosha, juu, upande mmoja, kikatokea kitu. Uvimbe. Mkubwa kama yai la bata, umefunikwa na ngozi, unang'aa chini ya taa.

Nikasema: ndicho hiki. Ndicho kilichomla baba. Mbuzi akiwa na kitu kama hicho ninakikata ninakitupa mbali, hata mbwa sipendi wakile. Nikanyoosha kidole kwenye kioo.

"Nimeona, papa," alisema dokta. Akatoa ndani ya mrija koleo ndogo sana, akaifunga mdomo, akausukuma ule uvimbe. Ukabonyea kama unga wa maandazi uliolala, kiisha ukarudi polepole. Akausukuma tena. Ukabonyea, ukarudi. Wino wote ulikuwa umeteleza juu yake, haukuacha alama. "Unaona? Laini," alisema, na akaondoka pale, kama mtu anayepita jiwe la barabarani. Nilitaka kupiga kelele: rudi! Unaenda wapi? Adui umemwacha nyuma!

Alishuka mpaka karibu na mlango wa kutokea. Pale kulikuwa na kidonda. Kidogo, kama kifungo cha shati, chini yake cheupe. Mimi nisingekitazama mara mbili. Lakini dokta alisimama. Akakaribia, akarudi nyuma, akaosha, akaongeza hewa, akapunguza hewa. Pande zote wino ulikuwa umetoka, ila upande mmoja wa kile kidonda weusi ulikuwa umebaki kwenye nyufa nyufa, kama tope lililokaukia kwenye ukingo wa mto. Infirmière aliacha kuongea. Mama wa Isangi yule, akinyamaza, chumba kizima kinajua.

Kiisha dokta akafungua koleo, kama kinywa cha samaki, akauma ukingo. Akavuta. Sikusikia maumivu, niliona tu tone la damu nyekundu. Kipande kilikuwa kama punje ya mchele. Akauma tena pembeni, na tena, akazunguka kidonda chote, na upande ule mmoja akarudi zaidi. Vipande vyote wakavitia ndani ya chupa ndogo yenye dawa. Na mimi nimelala pale, machozi na mate, nina hasira: huyu mtu anahangaika na kifungo cha shati, na yai la bata amelisamehe!

Baada ya kunitoa mrija, na koo kurudi kidogo, alituketisha mimi na yaya. Nilianza mimi.

"Dokta, kile kikubwa kwa nini haukukata?"

"Kile kikubwa ni mafuta tu, papa. Kiko chini ya ngozi ya tumbo, na ngozi yenye iko juu yake iko sawa na ya jirani. Niligusa, kikabonyea, kikarudi. Kitakaa na weye, hakitakusumbua."

"Na kile kidogo?"

Akavuta kitambaa cha meza, akakikusanya kwa vidole mpaka mikunjo ikatokea. "Angalia. Kidonda ya kawaida, mikunjo ya tumbo inakuja mpaka kwa mudomo yake, inakuwa nyembamba, nyembamba, sawa na pazia unavuta na kamba. Mudomo iko laini, iko duara. Kidonda ya kansere, mikunjo inakatika njiani, ao kwa ncha inavimba kama fimbo ya ngoma, ao mbili zinashikana. Mudomo inapanda inashuka. Ukigusa, damu inatoka mbio."

"Yangu?"

"Yako, kwa sehemu kubwa ni ya kawaida. Kuko upande moja sipendi."

"Sipendi ni nini?" aliuliza yaya.

"Sipendi ni sipendi, mama. Macho yangu inaniambia kitu, lakini mi siwezi kuapa na macho. Kuko kidonda mubaya inavaa sura ya muzuri, na muzuri inavaa sura ya mubaya. Njo maana nimekata vipande. Watu wa maabara watavikata vyembamba zaidi, wataangalia na mashini yao ya kukuza."

Nilimwuliza na kuhusu baba. Nilimweleza alivyosukuma sahani, alivyokauka. Je, ilikuwa hii hii? "Papa, mutu sikumuona ndani, nitasema nini juu yake?" Hilo jibu lilinipendeza kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya kifo cha baba. Wote wengine walikuwa wanajua.

Tulipokuwa tunasimama dokta akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba katika nchi nyingine wanamwaga rangi ya bluu tumboni makusudi, inaingia kwenye mifereji midogo, na mpaka wa kitu kibaya unaonekana vizuri. Hapa rangi ile hawana.

Yaya akarudi kukaa. "Leki, unasikia? Inchi za watu wanapeana kombe kwa lopitalo!"

"Mama, si kombe. Ni dokta anamwaga, na anajua amemwaga nini. Nyeusi ni rangi ya damu ya zamani. Mi nilikuwa karibu kumuongezea papa damu kwa sababu ya muchele."

"Lakini ilionyesha ule upande."

Dokta akakuna kichwa. "Kidogo."

"Ah! Kidogo njo kuonyesha."

Vipande vikatumwa Kinshasa kwa ndege. Nilicheka peke yangu njiani: mimi sijapanda ndege maisha yangu yote, na tumbo langu limepanda. Sisi tunatuma Kinshasa samaki wa chumvi wa Basoko kwa baleinière, mashua kubwa ya mbao, inakwenda inakwama kwenye mchanga, inakwenda tena, na samaki wanavumilia. Vipande vyangu havikutakiwa kuvumilia.

Tukangoja. Na wakati wa kungoja niliona jinsi habari inavyoota. Yaya aliwaambia majirani kuna uvimbe kama yai la bata. Ilipofika mwisho wa avenue ilikuwa kama papai. Watu wakaja kunipa pole na kuangalia shati langu mbele, kama papai litaonekana. Mmoja akasema limetumwa kutoka Lubunga, na mimi nikamjibu, apana, ninyi mwacheni mtu wa Lubunga, safari hii tumeingia ndani na taa. Juu ya kidonda hakuna aliyeuliza. Niliwaeleza: kikubwa ni mafuta, ni kidogo ndicho tunachokingoja. Wanatikisa kichwa, ndiyo papa, ndiyo, na wakitoka nje wanasema papai.

Mimi mwenyewe nisiwacheke. Mikono yangu yote hii miaka ilikuwa inahukumu kwa ukubwa. Siku zile nilichinja mbuzi wa Bengamisa kwa matanga fulani, na nilipofungua tumbo nikajikuta ninageuza kila mkunjo, ninaubonyeza kwa kidole, ninafuata kingo mahali zinapoishia. Mwenye matanga akanisimamia.

"Papa, unapasua ao unasoma gazeti?"

"Ninasoma," nilimwambia.

"Kuko habari gani?"

"Huyu alikuwa muzima."

"Asante. Tulikuwa na wasiwasi sana juu yake."

Usiku sitausimulia, kila mtu mwenye umri wangu anaujua. Nitasema tu kwamba udadisi wenyewe ulinichosha. Kulikuwa na jibu, lilikuwepo tayari, limelala ndani yangu tangu zamani, zuri au baya, na mimi mwenye nyumba ndiye niliyekuwa silijui.

Dokta akatuita. Alisema vipande vimejibu: hawakuona kansere. Waliona kidudu kimoja kinachokaa tumboni na kuleta vidonda, kina dawa yake. Yaya akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakaitikia. Lakini mimi nilikuwa ninamwangalia dokta usoni, na uso wake haukuwa umeachia.

"Dokta, haufurahi?"

"Nafurahi, papa. Lakini ule upande bado sipendi. Naweza kuwa niliuma mahali muzuri, nikaruka mahali mubaya ya karibu. Utakunywa dawa yote, mpaka mwisho, usiruke siku. Kiisha tutarudi kuona."

"Basi nani anasema kweli, macho yako ao vipande?"

"Leo vipande viko na nguvu kuliko mi. Lakini kidonda yenyewe njo itamaliza kesi. Ya kidudu, ukikunywa dawa, inafungana. Mubaya haifungane. Ao inafungana juu, inaendelea chini, njo maana hata ikifungana nitauma tena."

Yaya akanuna njia nzima. "Mungu amejibu, yeye anauliza tena."

Nilikunywa dawa. Vidonge vikubwa, mdomo ulikuwa na ladha ya msumari. Polepole ule moto ukapungua. Nikaanza kumaliza sahani, yaya anahesabu matonge kwa macho, na mimi sikutaka kufurahi, kwa sababu dokta alikuwa amenionya, kupata nafuu si ushahidi.

Siku ya kurudi, infirmière alinisubiri mlangoni, mkono kiunoni.

"Papa, umekunywa? Mayi? Chai? Dawa ya mizizi? Maandiko ya kanisa yoyote ao musikiti yoyote?"

"Hakuna."

"Mama, umemunywesha kitu?"

"Hakuna," alisema yaya, akiangalia ukuta. "Mwalimu alisoma tu. Kwa masikio."

Mrija ukaingia. Vita ile ile, machozi yale yale, barabara ile ya waridi. Yai la bata lilikuwepo mahali pake, safi, limenenepa kwa amani, na nikaona hata ninalisalimia. Tukashuka. Nilikaza macho kutafuta kifungo changu cha shati. Sikukiona. Dokta ndiye aliyekileta karibu: mahali pa kidonda palikuwa na alama nyeupe, nyembamba, na mikunjo kutoka pande zote imekuja kukutana pale, kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Upande ule aliokuwa haupendi ulikuwa umelala chini, laini. Alikaa pale muda mrefu, akaosha, akakaribia, akarudi nyuma. Infirmière akanishika bega. Kiisha dokta akafungua koleo na akauma tena, alivyosema, hasa upande ule. Vipande vikapanda ndege tena.

Simu ilikuja nikiwa kazini, kwenye lupango ya watu wa harusi, mbuzi ananing'inia, nimeshachuna nusu, mikono yangu yote damu mpaka viwiko. Yaya alikuwa amekuja kusaidia kupika. Akaitoa simu mfukoni mwangu, akanibandikia sikioni, na yeye akabandika sikio lake upande wa pili, vichwa vyetu vimegusana kama tulivyokuwa tunalala tukiwa watoto. Lakini yeye siku hizi hasikii vizuri.

Dokta alisalimia. Akauliza ninakula. Kiisha akasema hakuna kitu kibaya, safari hii hata kidudu hakionekani, na kwamba ule upande sasa anaupenda.

"Unaupenda kabisa?" niliuliza.

"Kabisa, papa."

Simu ikakatika. Yaya akanivuta shati.

"Amesema nini? Leki. Amesema nini?"

Nikasema: "Amesema anaupenda."

"Anapenda nini? Harusi?" Akaniangalia usoni, akaona. Akachukua ncha ya kitenge chake akanipangusa macho, kwa nguvu, kama mtu anayesafisha sufuria, kwa sababu mimi mikono yangu ilikuwa haifai. "Basi. Basi, imetosha. Chuna mbuzi, inzi wanakuja, na watu wanauliza maini yako wapi."